Karafuu kwa Pandu, Homoni Kwetu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Alhamdulillahi! Mikarafuu imebeba mwaka huu, na mke wangu Ruweida naye kabeba. Mimba ya kwanza! Tatizo moja tu. Akinusa karafuu nilizoanika uani, anatapika. Wiki iliyopita kasema ikizidi atakwenda kwa mama yake, Kisiwa Panza. Wakishampata kule hawamrudishi mpaka ajifungue. Na mimi nibaki na nani?

Nimekwenda kliniki kumwuliza muuguzi, Bi Safaa. Kanieleza vizuri. Kuna homoni, hCG, ile inayoonekana kwenye kipimo cha mkojo, nayo huandamana na kichefuchefu. Hupanda mbio, hufika juu kabisa kati ya wiki ya nane na ya kumi na moja, kisha hushuka, na kondo la nyuma likashika kazi. Nimechora mchoro nyuma ya kalenda. Nimehesabu tangu siku tuliyopima: wiki ya saba. Balaa lenyewe bado! Bi Safaa kataka kusema jambo kuhusu hesabu. Nimemwambia hesabu aniachie mimi.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimehamishia karafuu zote kwa jirani yangu Pandu. Magunia manne! Kakubali, kwa sharti nigeuze na zake. Zake ni mara tatu ya zangu. Mjanja yule! Lakini amani ya nyumba kwanza.

Alhamisi, 9 Oktoba
Jua kali. Nimegeuza karafuu tangu asubuhi. Pandu kakaa barazani, anakunywa kahawa na kunielekeza. Nimerudi nanuka kuliko uani kulivyokuwa kunanuka. Nimeoga mara tatu. Wapi! Basi nimehamia chumba cha nje, kwa hiari yangu, kumkinga mke wangu. Ruweida kasimama mlangoni, macho mekundu. Nimempungia mkono kwa mbali. Homoni hizo! Mchoro wangu haukosei.

Ijumaa, 10 Oktoba
Yarabi! Begi mlangoni! Nimemwuliza Ruweida kulikoni. Kasema ana siku tano hajatapika, tangu karafuu zingali uani, na kachoka kupungiwa mkono na mumewe kama abiria. Bora kwa mama, kule watu wanakaa naye. Roho ikanipaa. Nimembembeleza tupite kliniki kwanza.

Bi Safaa kacheka mpaka kashika meza. Kumbe wiki huhesabiwa tangu hedhi ya mwisho ilipoanza, si tangu kipimo. Tuko wiki ya kumi na mbili! hCG imeshaanza kushuka. Kondo sasa linatengeneza lenyewe homoni nyingine, projesteroni na estrojeni. Ndicho alichotaka kuniambia Jumatatu. Nimemwomba Ruweida radhi palepale. Kasema nirudi chumbani, niache upuuzi. Begi limefunguliwa. Ijumaa njema!

Jumapili, 12 Oktoba
Karafuu zimerudi nyumbani. Ruweida kakaa nami jamvini, tunachambua karafuu mbichi pamoja, ananicheka. Nina raha, wallahi, sijui hata niiandikeje.

Ila Bi Safaa kasema projesteroni itaendelea kupanda mpaka karibu na kujifungua, nayo hulegeza tumbo, kiungulia kikaja huko mbele. Huko mbele! Mimi si mtu wa kungoja. Nimechora mchoro mpya. Leo ndiyo wiki ya kwanza. Pilipili zote, ndimu zote na chupa ya achari nimeshazipeleka kwa Pandu. Kanipokea kwa furaha, tena safari hii bila sharti.

Ruweida ananiita jikoni. Anauliza achari yake iko wapi.