Tuzo ya Chipukizi na Pai ya Pichi

Jumatatu, 1 Agosti

Na wala si wivu. Nilimwambia Coy hivyo hivyo jana tulipokuwa tunaosha vyombo, na naandika hapa ili ijulikane: simwonei wivu Marlene Prochaska. Nasema tu kwamba mwanamke anayekuja uwanjani na mto wa kukalia uliodariziwa jina la mumewe, kuna kitu anakitafuta.

Najua anachotafuta. Ndicho ninachotafuta mimi.

Mume wangu (nimeolewa wiki saba na siku mbili, na nikiandika neno hilo bado nalikoleza wino) ni Coy Haskett, mrushaji wa timu ya besiboli ya Nungunungu wa Pell Creek. Ana mkono wa kulia ambao ningeweza kuutazama mchana kutwa. Mume wa Marlene ni Dale, mpigaji, analinda kona ya tatu. Anapiga mpira hadi kwenye mahindi ya watu. Kuudaka ndiyo shida. Mikono yake ni kama imepakwa sabuni.

Wote wawili ni wapya msimu huu. Kila mwaka ligi yetu ndogo hutoa Tuzo ya Chipukizi Bora kwa mchezaji mpya mmoja. Mmoja tu. Makocha wa timu zote nane hupiga kura kwa barua. Mwisho wa kutuma ni tarehe 15. Mshindi anatangazwa Ijumaa ya tarehe 19, hapa hapa kwetu.

Baba ameandika kutoka Missouri. Msimu ukiisha na Coy hana cha kuonyesha, basi aache kuchezea mpira, aje dukani kwake kuuza chakula cha nguruwe kama wanaume wengine waliooa. Aproni ipo. Ameshaiandika jina la Coy.

Nilimjibu mama kwamba asihofu, tuzo ni yetu, imebaki kukabidhiwa tu. Huko kulikuwa kutia chumvi. Leo mama amejibu: ametangaza kanisani.



Jumatano, 3 Agosti

Tumefungwa. Coy alirusha vizuri kama malaika. Dale akaangusha mipira miwili. Coy alirudi mnyonge, akavua viatu, akasema makosa, Twila, makosa yatatuua. Kisha akanibusu kwenye paji la uso. Hata akiwa mnyonge, ananibusu.

Nimewaza sana juu ya neno hilo. Makosa. Nani huyaandika? Mzee Orville Tebbetts, mwandika alama! Anakaa peke yake kwenye kibanda cha mbao juu ya viti vyetu, na penseli nyekundu. Mpira ukimponyoka mlinzi, yeye ndiye anayeamua: lile lilikuwa pigo la haki la mpigaji, au kosa la mlinzi. Akishaamua, linawashwa ubaoni na kuchapwa gazetini. Mtu mmoja. Penseli moja. Na hakuna mke hata mmoja aliyewahi kumpelekea chochote.

Marlene hajaliwaza hili. Anadarizi tu.

Alhamisi, 4 Agosti

Nimeoka pai ya pichi. Ukingo uliungua kidogo, nikaukata, pai ikabaki na umbo la jimbo la Nebraska.

Mzee Tebbetts ni mjane, alifundisha jiografia miaka thelathini. Alifungua mlango akiwa na soksi tupu. Nilisema mimi ni mke wa Coy Haskett, nikasimama kidogo ili nifurahie kulisema. Akasema anamjua, kijana hodari, sasa binti yangu, hiyo ni pai au ramani?

Alikula vipande viwili akiwa wima. Ndipo nikamwambia kwa upole kwamba vijana hawa wako mbali na kwao, kwamba wengine wameoa juzi, kwamba kosa moja likiandikwa gazetini mtu anaweza kupoteza kazi na kuishia kuuza chakula cha nguruwe. Asiyaandike makosa mengi. Awe na huruma.

Aliacha kutafuna. Akasema yeye huandika anachokiona. Kisha akasema, lakini macho ya mzee nayo yanaweza kuona kwa wema.

Nilirudi nyumbani nikiruka mitaro. Coy aliuliza mbona nacheka peke yangu. Nikasema ni ndoa.

Jumapili, 7 Agosti

Imefanya kazi. Imefanya kazi kabisa.

Coy alirusha leo. Dale aliangusha mpira ambao hata mimi ningeudaka kwa sketi. Uwanja mzima uliguna. Tukatazama ubao. Taa ikawaka: PIGO. Si kosa! Dakika ishirini baadaye akaangusha mwingine. PIGO. Nikapiga makofi. Nilikuwa peke yangu niliyepiga makofi.

Jamaa mmoja mwenye kofia yenye picha ya trekta, nyuma yangu, alipaza sauti kumwuliza Coy anarusha mipira au anagawa sadaka. Nikageuka nikamwambia yule ni mume wangu. Akasema pole sana, dada.

Jambo la ajabu. Marlene alisogea, akanikatia nusu ya soseji yake. Aliniita mdogo wangu. Akasema hakujua kama nina moyo mkubwa hivi, kumshangilia Dale wake wakati Coy anapata tabu. Nikasema sisi sote ni Nungunungu. Nilijiona mtakatifu.

Jumanne, 9 Agosti

Pai ya pili. Umbo la duara safari hii. Mzee Tebbetts aliipokea mlangoni, akasema sikuwa na haja, tumeshaelewana.

 Usiku Coy anageuka geuka kitandani. Nikamwambia mpenzi, usiwe na wasiwasi, mambo yanashughulikiwa. Akauliza mambo gani. Nikasema mambo.

Ijumaa, 12 Agosti

 Naandika nimekaa kwenye ngazi.

Coy alirusha tena jana. Dale akaangusha mipira miwili mingine, yote ikaandikwa pigo, nami nikashangilia yote. Leo gazeti limetoa jedwali la wiki. Mwezi uliopita Coy alikuwa wa kwanza kati ya warushaji wote wa ligi. Leo ni wa kumi na moja. Nilidhani mchapaji amelewa.

Nikampelekea gazeti Bi. Gunderson, mwenye nyumba wetu, anayesikiliza mechi redioni tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa anamenya njegere. Akachukua njegere tatu akazipanga mezani. Akasema sikiliza, mwanangu. Hawa ni wachezaji wa upande wa pili. Mlinzi wetu akiangusha mpira nao wakafunga, na ikaandikwa kosa, pointi hizo ni aibu ya mlinzi. Mrushaji hahesabiwi hata moja. Lakini ikiandikwa pigo, basi mlinzi msafi, na mzigo wote anatwishwa mrushaji.

Akazisukuma njegere zote tatu upande wa Coy.

Nikauliza, kwa hiyo mtu akimwomba mzee asiandike makosa? Akasema nani awe mjinga kiasi hicho, labda mke wa Dale.

Jumamosi, 13 Agosti

Nilikwenda kwa mzee Tebbetts mapema nikiwa nimevaa gauni la kanisani. Nikamwomba arudishe makosa yote ya Dale. Yote manne, na kama ana mengine ayaongeze.

Alikasirika mpaka masikio yakawa mekundu. Aliuliza kama nadhani penseli yake inauzwa kwa pai. Akasema pai haikuwa kitu, pai yenyewe ilikuwa na chumvi nyingi. Kilichomgusa ni yale maneno yangu kuhusu vijana waliooa juzi. Alimwangalia Dale Prochaska, mkewe yuko karibu kujifungua, akaona wema. Tena muda wa kusahihisha ni siku moja tu, umepita. Akafunga mlango. Akaufungua tena kunirudishia sahani.

Marlene ni mjamzito. Mimi nilidhani ni soseji.

Lakini zimebaki siku mbili kabla ya kura kufungwa, na mke hakati tamaa. Nimeandika barua nane, moja kwa kila kocha. Bila jina. Nimetia saini "Mpenzi wa Besiboli." Nimeeleza kwamba jedwali la gazeti lina hitilafu, kwamba mrushaji Haskett ameonewa, kwamba nyumbani ni mpole, anaimba akinyoa ndevu, na macho yake ni kama bwawa asubuhi. Nimezituma zote kwa posta ya haraka, kabla ya chakula cha mchana.

Najihisi nafuu.

Jumatatu, 15 Agosti

Bahasha.

Bahasha nilizotumia ni zile zilizobaki za kadi za shukrani za harusi. Zina njiwa wawili. Chini ya njiwa, kwa herufi za dhahabu: Coy na Twila Haskett.

Nilizikumbuka leo saa tano nikiwa nafua. Saa sita kocha wetu, Skaggs, alimwita Coy ofisini. Kocha wa timu pinzani alikuwa amempigia simu, akamsomea barua yote, akacheka hadi akakohoa. Coy akaingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo akakuta wenzake wamejipanga, wanamwimbia. Mdakaji aliweka taulo kichwani akamwambia nirushie, mpenzi, macho yako ni bwawa.

Coy alirudi akakaa. Nikamwambia kila kitu. Pai ya kwanza, pai ya pili, makofi, njegere, barua. Hata aproni ya baba, ambayo nilikuwa nimemficha. Hata kanisa la mama.

 Aliinuka akaosha vyombo, peke yake, vyote, hata vile ambavyo havikuwa vichafu. Mimi nilisimama pale na kitambaa cha kukaushia, na hakunipa hata kijiko.

Mwishowe akasema, Twila, nakuomba kitu kimoja. Hadi Ijumaa usifanye lolote. Usioke. Usiandike. Kaa tu.

Nimeapa. Hakunibusu kwenye paji la uso. Ni mara ya kwanza tangu Juni. Tuzo naitaka bado, lakini leo ningeitupa kwenye mahindi kwa busu hilo moja.

Jumatano, 17 Agosti

Nimekaa tu. Hakuna kazi ngumu kama hii. Mama ameandika kwamba kwaya imejifunza wimbo.

Ijumaa, 19 Agosti

Niandike kwa utaratibu.

Kabla ya mechi walituita sote karibu na nyasi. Mkuu wa ligi alisoma karatasi. Chipukizi Bora wa mwaka ni Dale Prochaska, kwa fimbo yake na kwa ulinzi wake ulioimarika sana mwezi Agosti. Ulinzi. Alitamka hivyo mbele ya watu. Mzee Tebbetts kule juu kibandani aliangalia penseli yake.

Coy alikuwa wa kwanza kwenda kumpa Dale mkono. Alimkumbatia kabisa. Marlene alilia begani kwangu, tumbo lake likanisukuma, akasema bila wewe, mdogo wangu, nisingestahimili mwezi huu. Nikasema hujui ni kiasi gani.

Ndipo nikamwona Kocha Skaggs anamkunjia Coy kidole. Ofisini. Mwezi huu vijana watatu wameitwa vile wakatoka na mabegi yao.  Nilikaa kwenye kiti cha mbao nikaiona aproni ya baba wazi, na kamba zake. Niliyafanya mimi haya, nikawaza. Nilimchukua mtu anayeimba akinyoa ndevu nikamfanya muuza pumba.

Coy alitoka. Alitembea polepole hadi nilipo. Akakaa. Akasema wananipandisha.

Anapanda daraja. Cutler City, ligi ya juu yetu. Anaondoka Jumapili.

Kumbe kuna mtu wa klabu kubwa aliyekuwa amekaa jukwaani wiki mbili zote, yule mwenye kofia ya trekta. Alimwambia Skaggs kwamba jedwali halimshughulishi, ana macho yake. Amemwona kijana anaangushiwa mipira minne nyuma yake, yote inaandikwa juu yake, na hata mara moja hakumtupia mwenzake jicho baya wala kushika kiuno. Mikono kama ya Coy ipo mingi, alisema. Utulivu ule hauonekani mara nyingi.

Coy alinishika uso akanibusu kwenye paji. Akasema natumaini umejifunza kitu. Nikasema nimejifunza. Nililia mbele ya nungunungu wetu, yule jamaa anayevaa miiba ya sponji, naye akanipa leso.

Jumamosi, 20 Agosti

Tunafunga mizigo. Nimewaza jambo hili vizuri, kwa utulivu.

Kama makosa yale yangeandikwa makosa, Coy asingeonewa. Asingeonewa, asingekuwa na la kuvumilia. Asingevumilia, yule bwana asingeona kitu. Sasa nani alipanga aonewe? Simwambii Coy. Amechoka. Lakini hesabu ni hesabu.

Mama nimemwandikia kwamba tuzo tumeikataa kwa kuwa tumepewa kubwa zaidi, na kwaya iendelee na wimbo, ibadilishe tu maneno.

Asubuhi nilimwuliza Kocha Skaggs swali dogo. Mtu akipanda daraja, bado ni chipukizi? Akasema ligi mpya ni mwanzo mpya, wiki mbili za mwisho wa msimu hazihesabiwi. Mwakani huko Cutler City atakuwa chipukizi tena, kana kwamba hajawahi kurusha mpira popote.

Chipukizi tena! Na huko wana tuzo yao. Kubwa kuliko hii.

Nikauliza, kwa mazungumzo tu, ni nani mwandika alama wa kule.  Akasema ni daktari wa meno, Delbert Voss, mtu mkali, anaishi peke yake na kasuku. Coy, akiwa na sanduku begani, aliuliza mnazungumza nini. Nikasema meno.

Na kweli kuna jino la nyuma linanisumbua. Si sana. Litazidi tukishafika. Kabla mwezi haujaisha nitakwenda kumtembelea Daktari Voss, na nitamwuliza kasuku anapenda nini.