Ombi la Kunyang'anywa Ruzuku na Kurudishiwa Haya Yangu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ruzuku,
Wakfu wa Jamii.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Shikamoo. Shuleni tumefundishwa kwamba barua rasmi haina shikamoo, lakini mama yangu akisikia nimemwandikia mtu mzima na kuingia moja kwa moja kwenye shida zangu kama mtu anayedai chenji, ataniuliza nimelelewa na nani, na jibu analijua.

Mimi ni binti wa mwenyekiti wa Kikundi cha Wasindikizaji, ambacho mlikipa ruzuku mwaka jana. Huenda mnanifahamu kwa sura. Nimo kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti yetu, nimevaa fulana yenye nembo yenu, nimetoa meno. Chini ya picha pameandikwa kwamba zamani nilikuwa na haya na sasa, kwa msaada wa wakfu, najiamini. Ripoti hiyo niliitafsiri mwenyewe, kwa kuwa nasoma shule ya lugha mbili na nyumbani hakuna mwingine. Kwa hiyo nimeaibika kwa lugha zote mbili.

Naomba, kwa heshima zote, mchukue ruzuku yenu. Sababu zangu ni hizi.

1. Kabla yenu kikundi kilikuwa na kazi moja. Mgonjwa asiye na mtu wa kwenda naye hospitali alipewa mtu. Mtu huyo alikaa naye kwenye benchi, akamshikia kadi, akamtegea sikio jina lake likiitwa, akamrudisha nyumbani. Basi. Mama aliwaandikia hivyo hivyo: tunakaa nao. Afisa miradi wenu akaja, akaketi sebuleni kwetu upande wa kochi wenye springi iliyochomoza (niliona haya kumwambia ahame), akasema kwa upole, "Mama, kukaa si shughuli. Mkishakaa, mnafanya nini?" Mama akamjibu, "Tunaendelea kukaa." Afisa akaandika kwamba kikundi kina uhitaji mkubwa wa mafunzo.

2. Mafunzo yakaja. Wanawake waliokuwa wakisindikiza wagonjwa kabla mimi sijazaliwa walipelekwa kwenye ukumbi wenye baridi ya mashine kufundishwa stadi za kukaa. Mwezeshaji alizungumza ile lugha nyingine, nami nilimtafsiri kwa kunong'ona, kwa hiyo walioketi nyuma wamehitimu bila kusikia kitu. Mama mdogo, ambaye ni mweka hazina na haogopi mtu, aliuliza kama asiye na cheti ataruhusiwa tena kukaa. Mwezeshaji akasema hilo ni swali zuri sana, tukaenda kunywa chai. Muda wote huo wagonjwa walikwenda hospitali peke yao. Ripoti inasema uwezo wa kikundi uliongezeka, na mimi ndiye niliyelitafuta neno "uliongezeka" kwenye kamusi.

(Ruzuku ilikuwa pia na kifungu kidogo cha kukodi gari la wagonjwa. Sitakizungumzia hapa kwa sababu kinaharibu hoja yangu.)

3. Bango. Mlisema kila shughuli ipigwe picha pamoja na bango lenu. Bango hilo ni refu kuliko mlango wa kliniki ya macho na lina miguu yake ya chuma. Siku moja mama mdogo alilisimamisha kwenye foleni, akalitundikia koti lake, akaenda kunawa mikono. Karani wa dirisha la kadi hugawa namba bila kuinua kichwa. Hutazama miguu tu. Bango likapewa namba. Likaitwa kabla ya mgonjwa wangu, fundi saa, ambaye haoni vizuri na akawa anauliza, "Huyo anayeitwa ni nani, mbona haendi?" Nikamwambia ni bango. Akasema, "Mwacheni apimwe. Mtu anayesimama wima namna hiyo ana tatizo la mgongo."

4. Hapa inanibidi nieleze kuhusu fundi saa, na kuhusu mimi.

Mimi siwezi kuzungumza na watu. Sitii chumvi. Muuzaji akinipa betri badala ya kiberiti nashukuru na kurudi nazo nyumbani, na mama anazo betri za kutosha sasa. Fundi saa naye, tangu macho yamlazimishe kufunga kibanda chake, alikuwa amekwisha kuwafukuza wasindikizaji kadhaa kwa kosa la maneno mengi. "Macho yamenishinda," alimwambia mama, "mnataka na masikio nayo yachoke?" Basi mama akanipa yeye, au akampa mimi. Kila Alhamisi tunakaa kwenye benchi la tatu na hatusemi kitu. Daktari humtia matone ya kupanua mboni, na baada ya hapo haoni kabisa mpaka jioni. Ananishika kiwiko. Anauliza, "Ngazi?" Namjibu, "Ngazi." Ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote ninayoyaweza na mtu asiye ndugu yangu, na nikilala huwa nayarudia kichwani bila kuona aibu hata kidogo. Mazungumzo mengine yote huyarudia nikajifunika shuka.

5. Sasa mnaleta wageni. Kikundi chote kitakuwa ukumbini, na mimi, kama hadithi yenu ya mafanikio, nitapanda jukwaani kueleza nilivyoshinda haya. Ni Alhamisi ya wiki ijayo. Nilimwambia mama kwamba Alhamisi ni ya fundi saa. Akasema atampa mtu mwingine. Tukahesabu watu. Mmoja anapokea wageni, mwingine anagawa fulana, mama mdogo anashika bango, ambalo mguu wake mmoja umelegea. Hakubaki mtu. Kwa hiyo fundi saa atatoka kliniki na matone machoni, atavuka ile barabara ya mbele ya hospitali peke yake, na saa hiyo hiyo nitakuwa nawaeleza wageni, kwa lugha mbili, kwamba kwetu hakuna mgonjwa anayekwenda peke yake. Mama alipoliona hilo akasema, "Mwanangu, wakiona hatukuwepo ukumbini, mwaka kesho hatuna kitu." Mama yangu si mtu mbaya, Mheshimiwa. Zamani angesema, "Wageni watasubiri."

6. Ikiwa sheria zenu haziruhusu kurudisha ruzuku, naomba ihamishiwe kwenye asasi yangu mpya, Umoja wa Wenye Haya. Hatutakuwa na mikutano, kwa sababu hakuna atakayekubali kuwa wa kwanza kuingia ukumbini. Mwenyekiti hatujamchagua, kila mmoja anangoja mwenzake anyooshe mkono. Matokeo yetu yanapimika: ni watu wote ambao hatukuwasumbua. Bango tutalipokea, ila litatazama ukutani.

7. Na kama hilo nalo ni gumu, basi lipeni ruzuku bango lenyewe. Limehudhuria vikao vyote. Limo kwenye kila picha. Halina haya. Tayari lina namba hospitalini. Alhamisi lipandisheni jukwaani lihutubie, nanyi mtaona kwamba linasema yale yale ambayo ningesema mimi, na kwa herufi kubwa zaidi.

Naomba majibu kwa maandishi. Tafadhali msinipigie simu.

Wasalimie wanakamati wote, na afisa miradi (springi ile tumeiwekea mto), na dereva wake aliyekataa kuingia ndani akasema yupo sawa. Mwambie nilimwelewa sana.

Wako katika unyenyekevu,

Binti wa Mwenyekiti,
Mlengwa Aliyefanikiwa.

Nyongeza: Naandika haya leo Alhamisi, hapa kliniki. Barua nilikuja nayo ili niiweke posta tukirudi. Fundi saa alisikia karatasi ikichakarika mfukoni, akaniuliza ni nini, nikalazimika kumsomea sikioni. Nilipofika kwenye mafunzo akasema, "Sauti yako kama saa iliyowekwa chini ya mto. Ipandishe." Nikaipandisha. Kufika kwenye bango benchi zima lilikuwa linacheka, na mama mmoja mwenye bandeji jichoni akasema nirudie mwanzo kwa kuwa yeye alichelewa. Nikarudia. Karani wa dirisha la kadi aliacha kugonga mihuri, akatoa kichwa nje, akajitetea kwamba bango lilifuata foleni vizuri kuliko wengi wetu. Nikamjibu. Sijui maneno yale yalitoka wapi, lakini nilimjibu, na watu wakapiga makofi. Nilipomaliza, fundi saa akasema, "Basi umeshahutubia. Hao wageni wao wana masikio mangapi?"

Tena mvua inanyesha tangu asubuhi, na tumekuja kwa lile gari la kifungu kidogo. Mwaka jana mvua kama hii tulitembea nayo, fundi saa akateleza. Kwa hiyo ruzuku msiichukue.

Ila Alhamisi ijayo ukumbini siendi. Waleteni wageni hapa, benchi la tatu, nami nitasema kwa lugha zote mbili mpaka fundi saa aitwe. Akiitwa nitakata maneno pale pale. Bango libaki nyumbani, kwa sababu kwenye nafasi yake atakaa mtu. Mama nimeshamwambia kwa simu. Akauliza benchi lina urefu gani. Na mgeni atakayetaka kujua kikundi chetu kinafanya nini, akae. Akishakaa, aendelee kukaa.