Lori Langu Halina Ugonjwa

Jumatatu, 14 Julai 2025
Baridi ya Pito imeniamsha mapema. Lori haikuliamsha. Nimegeuza ufunguo, likakohoa mara moja, kimya. Limesukumwa na wanakwaya waliokuwa wakitoka misa ya asubuhi. Mama mmoja kasema anaijua bodi ya lori langu kuliko mlango wa nyumba yake. Dharau!

Jumamosi naenda Mpui kumposa Rozina. Baba yake, mzee Adolfu, katuma salamu. Mkwe mwenye lori anamkaribisha. Mkwe mwenye lori la kusukuma, hapana. Binti zake wote wamekwishalisukuma msimu wa mahindi, inatosha. Nampenda Rozina. Nimeandika, basi.

Ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi inawaka tangu Pasaka. Leo nimeibandika plasta ya kidonda. Haionekani tena. Hatua kubwa.

Jumanne, 15 Julai
Mjomba Timoth, ambaye ndiye mshenga wangu, kanilazimisha niende kwa Asifiwe, fundi umeme wa magari pale karibu na stendi. Binti wa Mbeya, hana subira hata chembe. Kabandua plasta, kaitazama, kanitazama mimi. Kisha kapima kwa mita injini ikiunguruma. Volti ishirini na tatu. Kasema altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka, ingekuwa inachaji, ingepanda mpaka ishirini na nane. Betri nzima, mkanda umekaza, nyaya ziko sawa. Mgonjwa ni altaneta. Nimwachie lori siku mbili aifungue.

Siku mbili bila lori! Anyitike anione natembea kwa miguu? Huyu Anyitike naye ana lori, linawaka kwa ufunguo, ananunua mahindi Mpui, na shikamoo anazompa mzee Adolfu zimezidi utamu. Nimemwambia Asifiwe nitafikiria.

Jumatano, 16 Julai
Nimejipimia mwenyewe! Njia ya mafundi wa zamani. Unawasha injini, unachomoa waya wa betri. Injini ikizima, altaneta imekufa. Ikiendelea, altaneta nzima. Nimechomoa. Imeendelea kuunguruma kama haijui kitu!

Nimekwenda kumtangazia Asifiwe mbele ya gereji nzima. Kaniuliza kama lori ni la dizeli. Nikajibu ndiyo, tena kwa fahari. Kasema dizeli ikishawaka haihitaji umeme wa betri. Hata nikizipeleka betri Kasesya zikavuke mpaka, injini itaendelea tu. Mafundi wamecheka mpaka mmoja kaangusha spana. Wivu.

Uamuzi wangu ni huu: betri zina njaa. Nimezipeleka kuchajiwa dukani. Asifiwe kasema huko ni kula ghala bila kulima. Sikumwomba methali.

Jumamosi, 19 Julai
Limewaka kwa ufunguo! Mara moja! Nimewasha taa zote mchana kweupe, redio juu, honi kila kijiji. Mjomba kaniomba nipunguze. Nikamwambia posa ni sherehe.

Mpui, sikuzima injini. Mpango mzito huu: lori lisipozimwa halihitaji kuwashwa. Tumeingia ndani. Mjomba kaanza maneno ya posa, hayakusikika. Mzee Adolfu kaweka kiganja sikioni. Mjomba kapaza sauti kama mnadani. Mama yake Rozina kanyanyuka taratibu, katoka nje. Injini ikanyamaza. Karudi, kapiga goti, kanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Nimeshukuru. Ningefanya nini?

Kimya kile, mjomba kaongea vizuri ajabu. Mzee katabasamu! Kasema kabla ya jibu nimsaidie kupeleka magunia yake ya ulezi mjini. Yakapakiwa. Nikageuza ufunguo. Tk. Tena. Tk. Redio yenyewe haikunong'ona.

Wamesukuma. Mzee Adolfu kasukuma. Mama mkwe mtarajiwa kasukuma, kajifunga kitenge kiunoni. Rozina kasukuma kwa viatu vipya. Ukoo mzima wa wakwe, na magunia juu! Mjomba kajifunika uso kwa kofia. Halikuwaka. Nimeona aibu mpaka masikio yakawasha.

Na nani katokea? Anyitike, na kamba. Kaamkia kila mtu. Kalivuta mpaka likawaka, kisha kaalikwa chai. Mimi sikualikwa, niliambiwa nisizime.

Jumapili, 20 Julai
Salamu zimefika baada ya misa. Mzee Adolfu hajakataa, kwa heshima ya maneno ya mjomba. Turudi Jumamosi ijayo. Ila mtu wa ukoo wake akiligusa tena lori kulisukuma, hata kwa kidole, posa imekufa.

Rozina naye kapiga simu. Kasema kesho nipeleke altaneta kwa Asifiwe, la sivyo nisimtafute. Alikuwa karibu kulia. Ananipenda! Altaneta kaitaja mara nne.

Nimefikiri sana. Kwa Asifiwe siendi, atacheka. Nimemtuma mjomba aombe posa ihamie kwa shangazi yake Rozina. Mashangazi wanastahili heshima. Halafu nyumba yake iko juu ya mteremko mrefu, umenyooka mpaka barabarani. Hakuna atakayesukuma! Mjomba kauliza breki zikoje. Nimemwambia tushughulike na tatizo moja kwanza.