Mzee Kufuli Anatafuta Kura Yake

Redio ya kinyozi haijamaliza kusema, benchi zima limeshapandisha mzuka.

"Mmesikia?" Upara, kinyozi asiye na unywele hata mmoja, akaruka. "Kura ya mwenyekiti wa soko, hii ya kwenye simu, unaruhusiwa kupiga tena na tena mpaka wafunge jioni! Inayohesabiwa ni ya mwisho. Za nyuma zote zinafutika, na hakuna anayeona!"

"Acha uongo!" Soli, fundi viatu wetu, nusura ameze msumari aliobana kwa meno.

Nilimwonea huruma. Asubuhi ile Mzee Kufuli, mwenye vibanda vyote vya mtaa huu na mgombea pia, alipita kibanda hadi kibanda, mkono mmoja sukari, mwingine kufuli. Anasema: nipigie kura nikiona, sukari yako. Ukikataa, kibanda nafunga. Soli ana watoto wadogo na kibanda ndicho kinachowalisha, akabonyeza huku mzee kamganda begani.

"Kwa hiyo naweza kumpigia ninayemtaka mimi?" akanong'ona.

"Na sukari unakunywea chai!" akasema Mama Birika, muuza kahawa, akicheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Akija kukagua je?"

"Akague nini?" Mama Birika akadakia. "Simu haionyeshi ulimpigia nani. Unaweza kumwapia mpaka ukauke koo, hana pa kuhakikisha. Nani atanunua mzigo asioweza kuufungua?"

"Lo! Ningejua mapema," Upara akasikitika, "ningewauzia wagombea wote!"

Soli akageukia ukutani, akabonyeza. Akageuka na meno yote nje.

Hapohapo akatokea Mzee Kufuli. Meno ya Soli yakarudi ndani. Mzee akaketi, akaangalia nyuma, akainama.

"Wanangu, eti kura inabadilishwaje?"

"Kura ya nani, mzee?"

"Yangu. Mama watoto kanisimamia mezani, chai kaishika yeye. Nimempigia kaka yake."

"Kaka yake si ndiye mpinzani wako?"

"Ndiye! Ningefanyaje? Kaniambia nikikataa, nihamie sebuleni na godoro langu."

Jamani! Upara alijifunika uso kwa taulo la wateja. Mama Birika akawa anapuliza moto usiohitaji kupulizwa. Mimi mbavu sina.

Soli akaichukua simu kwa adabu zote. "Bonyeza hapa, mzee. Jichague. Ile ya mama imeshafutika."

"Hatajua?"

"Hata akilala na simu chini ya mto."

"Aisee, hiki kitu kizuri!" Mzee akainuka anachekelea. Akapiga hatua, akasimama. Akageuka polepole.

"Ngojeni kwanza. Kwa hiyo hata nyinyi..."

Upara akakumbuka ana kichwa cha mteja amekiacha nusu. Mama Birika akachukua birika lake. Mimi nikainama kufunga kamba, na nimevaa ndala.

"Soli," mzee akasema, "kura yako iko wapi?"

"Ni siri, mzee. Kama ya kwako tu. Au twende kwa mama atuamulie?"

Mzee akaangalia njia ya nyumbani kwake.

"Usimsumbue mama. Kibanda ni chako, mwanangu, we fanya kazi."