Hotuba ya Kuzindua Mfumo wa Kuunganisha Mafaili ya Wagonjwa, Mpui

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa mkutano, Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Wezeshi, Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati inayoisimamia Kamati Wezeshi, viongozi wetu wa dini, wakulima wa mahindi na ulezi, wageni waalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa lakini mmekuja, itifaki imezingatiwa! (Makofi ya meza kuu.)

"Mimi, Ambakisye, Mratibu Mkuu, kwa umahiri wangu mnaoufahamu, na kama hamuufahamu mtaufahamu leo, nimekuja kuzindua mfumo jumuishi wa kidijitali unaounganisha taarifa za mgonjwa toka zahanati hadi hospitali, na kuzioanisha na kipato chake, elimu yake na makazi yake, ili tubaini kwa data, siyo kwa macho, ni nani ananenepa katika uwanda huu wa Ufipa na kwa nini. (Macho yote yanatua kwenye kitambi cha msemaji.) Utafiti wangu wa awali, nilioufanya garini kwa kupunguza mwendo, unaonyesha kwamba asilimia tisini na saba nukta nne ya wanaolima kwa jembe hawana kitambi, ilhali takwimu za meza kuu bado zinachakatwa. (Kicheko.)

"Naona mama amenyoosha mkono. Shikamoo, mama. Sema, ila kwa ufupi."

(Mama mmoja mnene, Coleta, anasimama kwa kujikongoja. "Marahaba. Zahanati walinipa dawa ya presha. Nikaenda hospitali mjini, faili langu hawakuliona, wakanipa nyingine. Kumbe dawa ni ile ile, majina mawili. Nikameza zote, nikaanguka shambani, wanangu wakaanza kunililia. Huo mfumo wenu ungewaambia?")

"Swali zuri mno! Ungewaambia papo hapo! Wewe, mama, ndiye mnufaika wetu wa kwanza, na kuanguka kwako ni kiashiria." (Sauti ya nyuma: "Kiashiria ndiyo nini?") "Ni mtu aliyeanguka, akaripotiwa vizuri."

(Coleta: "Sasa leo nimeze ipi?")

"Hilo, mama, litaundiwa kikosi kazi."

(Sharon, nesi wa zahanati, anainuka. "Mama, vidonge unavyo hapo? Vyote? Twende nikupime kwanza." Anamshika mkono, wanaondoka. Mzee mmoja anapapasa mfuko wa koti, anatoa vidonge vyake, anawafuata. Kisha mwingine. Kisha nusu ya mkutano.)

"Mnaona wananchi walivyohamasika! Wanakimbilia huduma kabla sijamaliza hata kuielezea! Mafaili yaungane!" (Meza kuu: "Yaungane!") "Vitambi vijulikane!" (Meza kuu inainamia soda.)

"Namalizia kwa shukrani. Namshukuru fundi wa mfumo, tutakayemwajiri kompyuta zikipatikana; nazishukuru kompyuta, zitakazoletwa umeme ukifika zahanati; na kwa namna ya pekee nawashukuru wafadhili wetu, ambao tutaanza kuwatafuta Jumatatu. Asanteni sana. Mfumo umezinduliwa!"