Malalamiko Kuhusu Maziwa Niliyonyonya Miaka Mitatu

Dada Muuguzi wa Kliniki ya Presha,

Shikamoo. Mimi ni binti wa mwisho wa yule fundi cherehani aliyekaa benchi la mbele siku ulipowafundisha akina mama. Nimemaliza shule juzi tu, na kwa kuwa kusema mbele ya watu kunanishinda, nimeona niandike. Kwa heshima zote, nina malalamiko juu yako.

1. Uliwaambia kwamba mama aliyenyonyesha muda mrefu, akifika umri wa makamo, hatari ya presha na kisukari kwake hupungua kiasi. Ukaongeza kwamba hata hivyo ni lazima apime. Mama alirudi nyumbani na nusu ya kwanza. Ya pili aliiacha kwenye benchi.

2. Sasa kila mteja anayekuja kuchukuliwa vipimo vya nguo anaelezwa: "Nimenyonyesha watano! Huyu kitinda mimba peke yake kaninyonya miaka mitatu. Presha itapitia wapi?" Kisha ananinyooshea mkasi. Mteja mmoja alinitazama juu hadi chini, akasema, "Ndiyo dawa yenyewe hii? Mbona imekonda?" Nilijificha nyuma ya majora ya vitambaa, nikapiga chafya, wakacheka upya.

3. Mama mdogo, badala ya kunitetea, huwakumbusha watu kwamba mwaka ule wa tatu nilikuwa nanyonya huku nimeshika mkate mkononi. Naomba rasmi mwaka huo uondolewe kwenye hesabu. Haukuwa lishe wala kinga. Ulikuwa uroho.

4. Mama amekataa kurudi kupima. Kichwa kinamuuma kila asubuhi, anasema ni jua, na jua lenyewe halijachomoza. Wiki iliyopita alishika meza, akasubiri chumba kiache kumzunguka, kisha akashona mkono wa shati mahali pa kola. Mama yangu, ambaye hushona huku akigombana na watu wawili! Nilipomwambia twende kliniki, alijibu, "We mtoto, kliniki yangu ulikuwa wewe."

5. Ikiwa mimi ndiye dawa, basi muda wangu wa matumizi ulipita zamani, na kurudia dozi kwa umri huu tutachekwa wote wawili.

Kwa hiyo naomba ulifute somo lako lote. Uje hapa dukani utangaze kwamba kunyonyesha hakumsaidii mama kwa lolote, na kwamba mimi hasa nilinyonya bure.

Wasalimie wauguzi wenzako, na yule mlinzi ambaye kila akiniona nimesimama getini huniuliza kama nimepotea.

Ni mimi,
Dawa Iliyokonda

Tanbihi: Usifute chochote, somo lilikuwa zuri. Nitamwambia mama kwamba hii ni barua ya kuomba kazi hapo kliniki na naona haya kuileta. Najua atasema, "Haya zako zitakulisha?" kisha ataninyang'anya bahasha. Kwa hiyo unaposoma hapa, amesimama mbele yako. Tafadhali, kabla hajageuka, mfunge ule mkanda wa presha mkononi.