Majina Yasiyokatwa

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kamati ya jengo letu imebandika tangazo kwenye ngazi. Wakazi tutoe maoni: siasa, maisha baada ya ule ugonjwa, nini kirudi, nini kiondoke. Kila jina lililo kwenye orodha ya wakazi lina fomu moja. Kikao Jumamosi.

Maoni ninayo! Moja tu. Meza yangu ya mlangoni irudi.

Wakati wa ugonjwa nilikuwa mtu. Nilikaa pale chini na kipimajoto na daftari, na hakuna aliyepanda bila ruhusa yangu. Wakubwa kwa wadogo walipanga foleni, wakaniita mkuu. Leo napishana nao kwenye ngazi, hata salamu hakuna. Hayo ndiyo mabadiliko ya jamii, na sihitaji profesa anieleze.

Jumanne, tarehe 5

Dada yangu, ninayekaa naye, amekataa kuiandika meza yangu kwenye fomu yake. Dada wa tumbo moja! Anasema watu bado wana donge na mimi, hasa binti wa marehemu fundi cherehani. Fundi, mama yake, aliugua ghorofa ya nne, peke yake. Binti akaja mbio, mimi nikamrudisha kwa sababu hakuwa na kibali. Kesho yake mama hakuwepo tena. Sasa binti anakaa chumba kilekile cha mama yake, na dada anataka nipande nikamwombe radhi.

Radhi ya nini? Nilifuata sheria. Dada amenuna, na chai nimejipikia mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 7

Nimepata!

Nilikwenda kwa mwenyekiti, yule mstaafu wa posta tunayemwita Miwani. Orodha ya wakazi ilikuwa wazi mezani. Ni ileile ya kabla ya ugonjwa! Wale saba waliotutoka wamo wote. Miwani akaona haya. Akasema kila akishika kalamu awakate, mkono unamwisha nguvu, na hakuna mwingine kwenye kamati mwenye moyo huo. Nikampa pole za dhati, fomu zao zilizokuwa mezani nikazitia mfukoni. Nikashuka ngazi napiga mluzi. Majina saba, fomu saba!

Mchana nikajifungia, nikaandika kwa mkono wa kushoto. Zote neno moja: meza irudi, aketi yuleyule. Fundi cherehani nikamweka wa mwisho. Nilipomaliza jina lake, nikasikia cherehani ikikimbia huko juu. Nikamlalamikia dada kwamba binti anashona kwa fujo. Dada akanikodolea macho. Akasema ile cherehani binti aliigawa siku nyingi.

Basi ni mabomba. Jengo hili limechoka.

Jumamosi, tarehe 9

Kikao. Ukumbi umejaa. Miwani akasoma fomu moja moja. Taka. Maji. Wanasiasa waliogawa barakoa zenye picha zao na sasa hawapokei simu. Kuhusu meza, ukiniondoa mimi, walio hai wote walisema hapana. Wote! Nikajikaza, nikingoja saba zangu.

Zikaja. Sikuandika vile!

Baba wa redio, aliyesikiliza bunge mpaka siku yake ya mwisho: serikali ni zilezile, wanaomba kura kwa kila mtu, kwetu hawapiti, huyu peke yake ametukumbuka. Mwalimu wa hesabu: huku tunasimama hovyo, tunahitaji mtu wa foleni. Fundi cherehani: meza irudi, nipate kupita.

Na mwandiko si wangu. Miwani alisomeshwa na yule mwalimu, akautambua mwandiko wake. Akaketi.

Miwani akauliza nani anapinga. Hakuna aliyethubutu. Nimeshinda! Nilipotoka watu walinipisha upana wa mlango mzima. Heshima hiyo sijaiona siku nyingi.

Jumapili, tarehe 10

Dada amefunga mizigo, anakwenda kwa shangazi. Amenisihi kwa machozi nimwombe radhi yule binti kabla sijaketi pale. Nikamwambia kiongozi hafungui kazi kwa kuomba radhi. Akaondoka bila kunipa mkono. Imeniuma, nakiri.

Jioni binti akashuka mwenyewe. Macho mekundu. Hakunitukana. Alitaka kitu kimoja tu: mama yake akija, nimwache apite. Nikamjibu kwamba suala lake nitalishughulikia kwa utaratibu.

Jumatatu, tarehe 11

Saa mbili asubuhi, jua linawaka. Meza, kiti, daftari, shati limepigwa pasi. Walio hai wanapitia mlango wa nyuma. Shauri yao.

Saa nne foleni ikaanza. Sikuona walikotokea. Wamesimama mita moja moja, barakoa usoni, wala hawasukumani. Walio hai hawajawahi kunipangia foleni hivi! Nilikuwa naogopa, sitaficha. Nikampima baba wa redio. Kipimajoto hakikuonyesha namba yoyote, nikaandika kawaida. Akaniita mkuu. Machozi yakanilengalenga.

Nikafanya kazi kwa makini, mmoja baada ya mwingine, jina, ghorofa, sababu ya kupanda. Fundi cherehani alikuwa wa saba. Akaomba kwenda ghorofa ya nne kumwona mwanawe, dakika moja tu. Sauti ndogo, kama inatoka chumba cha pili. Binti alikuwa amesimama kwenye ngazi, amemwona, mikono yote miwili mdomoni.

Nikatazama saa. Sita kamili. Mapumziko. Nikawaeleza wote wawili kwa upole kwamba hata enzi zile sikumpitisha mtu saa ya chakula, na leo sianzi kwa upendeleo. Nikafunga daftari, nikaenda kula.

Niliporudi saa saba mlango ulikuwa mtupu. Binti amekaa sakafuni penye meza yangu, ananyoosha mkono mahali pasipo na mtu. Nikamwomba asogee, anaziba njia.

Nimeandika daftarini: mgeni mmoja, ghorofa ya nne, hakusubiri. Watu wa siku hizi, hata waliokufa, hawana subira.